Chemchemi Niliyoisingizia Kukauka

Jumatatu, 10 Juni

Kwenye chemchemi yangu ndoo imejaa kwa sekunde ishirini na moja. Jana ishirini. Kiangazi kimeanza kugusa maji. Nimeandika kwenye daftari la samaki kama kila asubuhi, mwaka wa tisa sasa. Bwawa la juu nimelipa mchwa, la kati na la chini majani ya mihogo. Tilapia wa bwawa la kati wamenenepa. Mke wangu Faila anataka tuwavue kabla ya masomo ya Zawadi kuanza tena Kasongo. Ni sawa. Masomo ya uuguzi ya binti yetu yanatoka humu majini. Hayatoki kwenye pensheni yangu ya ualimu, ambayo haijawahi kufika.

Kuna mgeni kijijini. Fundi wa maji, mwanamke kijana, kaja kwa pikipiki toka Kasongo. Wanasema mradi umepata pesa. Nimeshasikia hayo. Nimerudi kulima.

Jumatano, 12 Juni

Mkutano katika darasa la sita, nilimofundisha mpaka nikazeeka. Fundi anaitwa Mwamini. Mtoto wa Waislamu wa Kasongo, baba yake ana duka. Kitambaa kichwani, buti za mpira miguuni. Anaongea wazi.

Pesa ni ya chemchemi moja kwa kila kijiji. Watachimba mpaka kwenye jicho la maji, wajenge ukuta na tanki, wavute bomba mpaka karibu na nyumba. Pesa inatoka ng'ambo na inafika na masharti yake. Sisi tutoe mawe, mchanga na nguvu. Kila nyumba iwe na choo chenye mfuniko. Na kila mwezi kila nyumba itoe kitu kidogo, ili robine ya kufungulia maji ikivunjika isikae imevunjika. Hapo watu wakapiga kelele: maji ya Mungu yalipiwe? Akangoja wanyamaze. Akasema, "Maji ni ya Mungu. Bomba si lake." Wakacheka. Nilimpenda.

Kisha shefu wa kijiji akasema chemchemi ziko mbili. Ile ya Bondeni, chini ya nyumba, tunayochota wote. Na ile ya Mwalimu. Vichwa vyote vikanigeukia. Nikaacha kumpenda.

Alhamisi, 13 Juni

Fundi amekuja shambani na shefu. Ameizunguka chemchemi, amepiga magoti, amekunywa kwa kiganja. Akasema ni maji mazuri kuliko yote aliyoyaona tangu Kasongo. Iko juu ya nyumba zote. Maji yangeshuka yenyewe, bila pompu.

Nikamuuliza, na mabwawa yangu?

"Mwalimu, sitakudanganya. Pesa ni ya maji ya kunywa. Samaki hawamo."

Mabwawa matatu. Faila na mimi tuliyachimba kwa jembe na beseni, misimu miwili ya kiangazi. Hawamo.

Halafu akauliza kile alichokuja kuuliza. Anahitaji kujua maji yanabaki kiasi gani mwezi wa Agosti, lakini hawezi kungoja Agosti. Pesa isipoanza kazi kabla ya hapo, inarudi. Kwa hiyo anategemea wenyeji. "Mu Agosti inabakiaka?"

Nikasema inakatika. Nikasema mwaka jana ilikatika wiki tatu nzima.

Akaandika. Shefu akanitazama, lakini hajui. Huku juu haji. Faila alikuwa amesimama na jembe lake kwenye ukingo wa bwawa la kati. Alisikia.

Mwaka jana Agosti ndoo ilijaa kwa sekunde thelathini na mbili. Haijawahi kukatika hata siku moja.

Ijumaa, 14 Juni

Faila amepika sombe ya majani ya mihogo, amepakua, amekula na kutoa vyombo. Ningependa agombe.

Wamechagua Bondeni.

Jumanne, 25 Juni

Kijiji kizima tunabeba mawe. Wanaume mawe, wanawake mchanga. Na mimi nabeba. Shefu amewaambia watu wamwangalie Mwalimu, ana maji yake nyumbani na bado anabeba mawe ya wenzake. Wamenipigia makofi. Nilitamani jiwe lianguke mguuni mwangu.

Mama Sifa, mkunga wa kituo cha afya, alibeba pia, na blauzi yake nyeupe. Amechoka kuwaambia wajawazito waje kuzaa na bido, dumu lao la maji. Wiki iliyopita mmoja alifika bila bido. Ndugu zake wakaenda Bondeni kuchota huku yeye anasukuma. Mtoto alitangulia maji kufika. Mama Sifa alisimulia akicheka, na sisi tukacheka. Nilipofika nyumbani sikuona cha kuchekesha.

Jumamosi, 29 Juni

Mwamini ameamuru vyoo vyote vilivyo juu ya chemchemi ya Bondeni vifukiwe, vichimbwe vingine upande wa pili. Vyoo kumi na kimoja. Kimoja ni cha Mama Tabu, mjane, hana mtu. Nimeenda kumchimbia. Siku mbili. Udongo mwekundu, mgumu, kisha kokoto. Fundi ameleta dala, bamba la duara la simenti, tumeiviringisha mpaka pale, tumeilaza juu ya shimo. Mama Tabu amekipitia choo chake kipya mara tatu, anaingia, anatoka. Amenipa jogoo. Nilikataa. Akamwacha jikoni kwetu tukiwa shambani.

Faila ameniuliza kama amchinje jogoo. Nikasema hapana. Akasema, "Atakula nini basi, uongo?"

Ndilo neno la kwanza alilolisema juu ya jambo hili. Wiki mbili na siku mbili.

Alhamisi, 4 Julai

Mwamini ana vichupa vyenye karatasi ndani. Unatia maji, unafunga, unangoja siku tatu. Kama kuna uchafu wa choo, maji yanageuka meusi. Jumatatu alichota Bondeni. Alichota na kwangu pia, kulinganisha tu.

Leo vimewekwa mezani kwa shefu. Cha Bondeni cheusi kama wino. Cha kwangu unaona ukuta upande wa pili. Watu walipanga foleni kuvitazama. Yale meusi ndiyo maji tuliyokunywa tangu tunazaliwa.

Anasema vyoo vimeondolewa juzi tu, ardhi ingali na uchafu. Atapima tena.

Jumanne, 9 Julai

Cheusi tena.

Jumatano, 10 Julai

Mwamini ametuita. Hakukaa. Amesema Bondeni hawezi kujenga. Kuweka bomba kwenye maji yale ni kuwagawia watu ugonjwa kwa robine. Kuna dawa ya kutia, lakini mradi unatoa ya miezi sita tu, na baadaye nani atanunua? Chemchemi ya Mwalimu inakatika kiangazi, na sheria ya wenye pesa hairuhusu kujenga maji yanayokatika. Kwa hiyo ameandika ripoti. Pesa itaenda kijiji kingine, upande wa Kabambare. Aliomba msamaha. Alikuwa karibu kulia, na alijizuia.

Yale mawe yako pale, rundo refu kuliko mtu. Shefu aliuliza kama hakuna njia yoyote. Akasema hakuna. Sikufungua mdomo. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la mbele.

Ameondoka na pikipiki mchana.

Jioni nilimwambia Faila kuwa nilifanya vile kwa ajili yake na Zawadi. Akaacha kupepeta mchele. "Hapana. Mimi pia nilichimba. Mikono yangu iko mule. Usiweke uongo wako juu ya mikono yangu."



Ijumaa, 12 Julai

Kasongo. Nimetoka alfajiri na motari wa pikipiki. Njia mbaya, tumeteremka mara nyingi kusukuma. Daftari nililitia kwenye mfuko wa plastiki, chini ya shati.

Ofisini Mwamini hakuwapo. Wakanielekeza dukani kwa baba yake. Saa ya swala. Duka limefungwa nusu. Mzee amerudi msikitini, amenikuta kibarazani na vumbi langu, akaniletea chai na mkate kabla ya kuniuliza mimi ni nani. Nilikunywa chai ya mtu ambaye binti yake nilimdanganya.

Mwamini alipofika nikampa daftari. Sikueleza. Alifungua Agosti ya mwaka jana. Kisha ya mwaka juzi. Alikwenda mpaka mwanzo, karatasi kwa karatasi, na mimi nimesimama.

"Haikatikagi."

"Haikatikagi."

"Nilikuandika jina, Mwalimu. Mu ripoti. Nimeandika: mwenyeji mwenye kuaminika."

Nilisema niko tayari kuandika barua na kutia sahihi. Akasema barua yangu itaenda pamoja na barua yake, ya kusema kwamba hakuhakikisha. Mkataba wake unaisha Septemba. Mkubwa wake hapendi ripoti inayorudi nyuma. Alisema yote haya kwa sauti ya chini, kwa sababu baba yake alikuwa karibu. Kisha akaniuliza swali moja tu. Kwa nini nimekuja sasa, wakati hakuna aliyejua?

Nikasema mke wangu anajua.

Akachukua daftari. Akasema niende nyumbani nikawaambie watu mwenyewe. "Mimi sitakusemea."

Ameniumiza. Ana haki.

Jumapili, 14 Julai

Nimewaambia. Baada ya ibada, darasa la sita, kila mtu. Nilisimama mahali pale pale niliposimama miaka yote na chaki. Nusu ya waliokuwa mbele yangu niliwafundisha kusoma. Nimesema: chemchemi yangu haikatiki, nilimdanganya fundi, niliogopa kwa ajili ya mabwawa yangu. Sentensi tatu. Nilikuwa nimeandaa nyingi zaidi.

Halafu kijana mmoja nyuma akasema tulivunja migongo bure. Mwingine akasema mwizi. Shefu hakumkemea.

Mama Sifa alisimama. Hakunitukana. Amesema tu kwamba mwezi uliopita alimpoteza mama mmoja kwa homa ya uzazi, na hawezi kusema ni maji, na hawezi kusema si maji. Kisha akakaa.

Hilo ndilo nililotoka nalo.

Mama Tabu alinifuata njiani. Nilidhani anataka jogoo wake. Akasema choo kile ni kizuri hata hivyo, na kwamba marehemu mumewe alikuwa mwongo kuliko mimi. Akarudi kwake.

Ijumaa, 19 Julai

Hakuna habari kutoka Kasongo. Dukani hawanisalimii. Faila anasalimiwa. Kanisani benchi langu halina mtu wa pili.

Nimeanza kuhesabu samaki wa kuvua, halafu nikaacha. Sijui navulia nini.

Jumatano, 24 Julai

Mwamini amekuja. Amekonda. Pamoja naye mkubwa wake, mwanaume mnene mwenye miwani, ambaye hakunipa mkono. Wamepima chemchemi wenyewe asubuhi na mchana. Sekunde ishirini na nane. Wamekubali, pesa itabaki hapa.

Lakini siku nyingi zimepotea. Bomba halitafika kila upande wa kijiji kama lilivyopangwa mwanzo. Litafika njia panda, karibu na kituo cha afya. Robine tatu badala ya sita. Watu wa ng'ambo ya mto mdogo watatembea bado. Hiyo ndiyo bei ya sentensi yangu ya Juni, na wanaoilipa si mimi.

Mkubwa alinisomea karatasi. Natoa chemchemi na hatua ishirini kuizunguka, hakuna kulima, hakuna mfugo. Hakuna fidia. Kitakachozidi kwenye tanki kitarudi mabwawani. Nikamuuliza Mwamini kitazidi kiasi gani. Akasema kiangazi, hakuna. Mvua, pengine bwawa moja.

Nilitia sahihi. Faila naye akaomba kalamu. Mkubwa akasema sahihi ya mwenye shamba inatosha. Faila akasema mwenye shamba ni wawili. Akatia.

Jumatatu, 5 Agosti

Wanachimba. Mawe yale yale tuliyoyabeba kwenda Bondeni sasa yanabebwa kupanda huku. Kila jiwe linalopita mlangoni kwangu naliona. Siku ya kwanza nilibeba peke yangu, nyuma ya wenzangu. Leo yule kijana aliyeniita mwizi amenisaidia kupandisha moja kubwa. Tulipolitua alisema, "Polepole, Mwalimu." Basi.

Mwamini anafanya kazi ndani ya shimo, matope mpaka mapajani. Amewaonyesha jicho lenyewe la maji, chini kabisa, kwenye mwamba. Miaka tisa nilipima maji haya na sikuwahi kuliona jicho. Linasukuma mchanga mweupe. Nilitazama mpaka wakaniomba nisogee.

Jumamosi, 10 Agosti

Tumevua. Bwawa la juu tumeliacha. La kati na la chini tumezikata kingo, tukayaacha maji yaende.

Watu walikuja na mabeseni, hata ambao hawakuitwa. Faila alikuwa ndani ya tope tangu asubuhi, anatupa samaki ukingoni. Wakubwa tuliwauza kwa wachuuzi wanaokwenda Salamabila, huko wachimba dhahabu hununua samaki bila kubisha. Wadogo tumegawa. Beseni moja kituo cha afya. Moja ng'ambo ya mto mdogo. Hilo nililibeba mwenyewe. Mwanamke aliyelipokea alisema asante, halafu akaniuliza kama ni kweli bomba haliji kwao. Nikasema ni kweli. Nikasema ni kwa sababu yangu. Akasema amesikia. Akachukua samaki.

Ukingo wa bwawa la kati ulipokatika Faila alikaa chini. Nilikaa pembeni yake. Alilia kidogo, akajipangusa kwa kanga yenye tope, uso ukachafuka. Nikaupangusa. Haikusaidia, mikono yangu ilikuwa michafu zaidi.

Jumatano, 28 Agosti

Zawadi amekuja likizo toka Kasongo. Aliketi akatazama mashimo mawili matupu. Alishaelewa. Samaki tuliowauza watatosha muhula mmoja.

Hakuwa na hasira ya chemchemi. Ana hasira kwamba sikumwambia. "Papa, mungeniuliza. Ningesema mutoe. Sasa mumetoa bila mimi, na siwezi hata kusema nimekubali."

Nikamwomba msamaha. Sikuwahi kumwomba mtoto wangu msamaha. Ni kazi ngumu kuliko mkutano.

Mama Sifa amesikia. Amesema muhula wa pili Zawadi afanye mazoezi kwake, atamwombea shule imkubalie, na chumba cha kulala kipo. Karo bado. Tutaona. Nasema tutaona kila siku na kila siku sioni.

Jumanne, 3 Septemba

Wamefungua robine. Hotuba nne. Mkubwa mwenye miwani ametaja wafadhili, serikali, mradi, shefu, kamati. Mwamini hakutajwa. Nilimtafuta, nikamkuta nyuma ya tanki akikaza boliti.

Amepata barua ya onyo, na amepata mkataba mwingine wa miezi mitatu, vyote wiki moja. Anapelekwa Kabambare. Nikamwambia samahani kwa mara nyingine. Alifuta mikono akasema, huko anakokwenda atapima hata akiambiwa na askofu. Alitabasamu kidogo. Kisha akaninyooshea kitu, daftari langu. Nikamwambia abaki nalo, lina namba za viangazi tisa, huenda zikamfundisha mtu kazi. Akalitia kwenye begi lake pamoja na spana.

Kamati imechaguliwa kutunza bomba. Wanawake wanne, wanaume watatu. Sikupendekezwa. Ni sawa.

Jumapili, 8 Septemba

Mvua ya kwanza jana, fupi. Leo mawingu.

Faila anaumwa mgongo tangu siku ya kuvua, kwa hiyo nimechukua bido mimi. Njia panda kulikuwa na wanawake kama kumi. Mwanaume ni mimi tu. Mmoja alitaka kunipisha mbele kwa sababu ya umri. Nikasema hapana, nitasimama. Nikasimama. Waliendelea na mazungumzo yao, bei ya mchele, harusi ya Nyangwe, mtu fulani aliyeacha mume. Hawakupunguza sauti kwa ajili yangu. Nilifurahi kwa hilo kuliko ninavyoweza kueleza.

Mama Sifa alitoka kituoni na ndoo mbili. Kuna mama amejifungua asubuhi hii, mtoto wa kike, wote wazima. Alikuwa anawachotea maji ya kuoga. Wanawake wakampisha.

Zamu yangu ikafika. Nikajaza, nikafunga, nikajitwisha begani kama tulivyofanya utotoni. Nimesimama kupumzika mara mbili njiani.

Faila alikuwa ameketi mlangoni, miguu kwenye jua. Amekwisha kuamua kupanda mboga ya lengalenga kwenye tope la bwawa la chini. Anasema litaota haraka. Alinielekeza wapi matuta, wapi njia ya kupita. Nikamletea maji kwenye kikombe. Amekunywa yote, akaniomba mengine.